Swichi Iliyo Mbali na Taa

Wenzake wa maabara walimwita Bi Mbishi, naye alilipokea jina hilo kama cheo. Miaka kumi na tisa ya kupima vinasaba ilimfundisha kuchukia kitu kimoja: muhuri mwekundu wa HAKUNA KASORO.

Siku hiyo msimamizi alimsogezea faili la kichanga aliyezaliwa na vidole gumba viwili kila mkono.

"Jeni ya vidole tumeisoma yote, nzima. Gonga muhuri, dada, foleni ndefu."

"Nikigonga, mama wa kichanga huyu ataliwa mbichi." Alikuwa amewasikia kwenye benchi la kusubiria, mama mkwe akimsimanga mke wa mwanawe kwamba alimeza vidonge vya kutoa mimba, ndiyo maana mtoto kazaliwa hivyo. "Swichi ya hiyo jeni nani kaisoma?"

"Ipo umbali wa herufi milioni nzima za DNA, ndani ya jeni nyingine! Huko tunaruka siku zote."

"Na ni aibu yetu. Kwako swichi ya taa imo ndani ya glopu?"

Msimamizi alicheka bila kupenda. "Ipo ukutani."

"Basi! Uzi wa DNA hujikunja, swichi ya mbali ikaifikia jeni yake. Swichi ikiharibika, jeni nzima huwaka pasipotakiwa, na kidole huota."

Akaagiza damu ya wazazi wote wawili. Alipomshika baba mkono ili amtoe damu, aliona kovu dogo ubavuni mwa kidole gumba.

"Kaka, hili ni la nini?"

"Nimekua nalo tu."

Mama mkwe, aliyesimama mlangoni, akatazama sakafu.

Baada ya wiki mbili majibu yalitoka: herufi moja ya swichi ilikuwa imebadilika, kwa mtoto na kwa baba. Kwa mama ilikuwa salama.

"Mama," Bi Mbishi alimuuliza bibi wa mtoto, "huyu mwanao alizaliwa na vidole vingapi?"

Bibi akaketi. Kisha, kwa sauti ya chini: "Kilikuwa kinyama tu. Nilikifunga uzi, kikakatika."

Mke wa mwanawe akamwekea mjukuu wake mapajani, akanyoosha mgongo kwa mara ya kwanza tangu aingie.

Bi Mbishi hakushangilia. Kesho yake alimbwagia msimamizi mafaili mezani.

"Arobaini na moja. Muhuri niligonga mimi mwenyewe, na swichi hatukuzisoma."

Msimamizi aliguna, akavuta kiti. "Haya, tuanze na lipi?"