Maji Aliyoyangoja Mbeti

Mbeti alikuwa jirani yangu Kariobangi, mlango kwa mlango. Mumewe Mativo, mchonga vinyago, alibatizwa katika ziwa dogo lililojaa kwenye machimbo ya mawe ya zamani, upande wa Donholm. Watoto wa siku hizi wakisikia habari za ziwa lile hucheka. Mimi nililiona. Maji ya chemchemi, matete yamelizunguka, yungiyungi zimetandaa, ndege kulastara wanatembea kwa madaha kama wenye nyumba. Kanisa letu lilibatiza pale kila Desemba. Nyimbo ziligonga kuta za mawe zikarudi, ungedhani kuna kwaya nyingine ng'ambo.

Mativo alipougua alimwomba mkewe abatizwe, tena mle mle alimobatizwa yeye. Mbeti akaahidi. Mativo akafa Agosti ya themanini na tatu. Mtoto hawakuwa naye.

Kufikia Desemba, ziwa halikuwa lile. Kiwanda cha ngozi kilikuwa kimeelekeza mfereji wake humo, na mafundi wa magari wakioshea humo mapipa. Maji yalikuwa na rangi ya chai iliyolala, povu juu. Mchungaji Njogu akatangaza kwamba tutabatizia kwenye tangi la kanisa moja la Majengo.

Mbeti akakataa. Wanakwaya wakamcheka, ati mama anangoja Yordani. Mchungaji akamfuata nyumbani, mimi nikiwamiminia chai.

"Mama, Mungu wa kwenye tangi ni yule yule."

"Mungu najua ni yule yule. Lakini nilimwahidi Mativo."

Mchungaji akasema basi twende akajionee mwenyewe. Tukaenda watatu. Hakukuwa na ndege hata mmoja. Mbeti akavua viatu, akaingia hadi magotini, akasimama akimngoja ambatize. Mchungaji alitazama maji, akanitazama mimi, akabaki ukingoni. Mbeti akatoka, akaokota viatu vyake. Miguu ilimwasha wiki nzima.

Kwetu, asiyebatizwa huketi benchi la nyuma, na mkate wa Bwana haumfikii. Wenzake walitoka kwenye tangi wakasogea mbele. Yeye akabaki pale peke yake, kitambaa kimefungwa vizuri kichwani, mwaka baada ya mwaka.

Jumapili moja niliinuka nikaenda kuketi naye. Akanipisha, tukaimba wimbo mmoja. Sahani ya mkate ilipoanza kuzungushwa, akanigusa kiwiko.

"Rudi mbele, Mama Lydiah. Utapitwa."

Nikarudi.