Redio ya Kuwasikilizia Madereva

Juzi nilisimama Usa River kuweka mafuta, na pembeni yangu palikuwa na gari la watalii, vumbi hadi kwenye kope za dereva. Ghafla redio ya mle ndani ikakwaruza, mtu akasema maneno mawili matatu, ikanyamaza. Sikuelewa hata neno moja, lakini nilibaki nimeduwaa mpaka kijana wa pampu akaniambia, "Mama, mafuta yameshaingia, wenzako wanasubiri." Ningemwelezaje kwamba mkwaruzo ule ulikuwa umenirudisha Kimandolu, kwenye meza ya mama yangu, saa ya kupika?

Wewe uliyekulia Arusha miaka ile ya ruksa utakumbuka. Mitumba ilijaa sokoni, sabuni za kila rangi zilirudi madukani, na kampuni za utalii zikachipuka kama uyoga. Baba alikuwa dereva wa lori la ushirika wa kahawa. Ushirika ulipoyumba, akahamia kwenye gari la watalii. Ilikuwa kazi nzuri, yenye bakshishi, ila alikuwa akipotelea porini wiki nzima, na simu hatukuwa nayo. Mama hakuwa mtu wa kulalamika. Baba akiwa safarini, alisugua sufuria ambazo tayari zilikuwa safi.

Safari moja mgeni mzee alimwachia baba zawadi: redio ndogo nyeusi isiyopiga muziki wala kusoma taarifa ya habari. Kazi yake ilikuwa kupekua mawimbi na kunasa mazungumzo ya watu wengine. Huko kwao yule mzee alikuwa akiwasikilizia marubani. Baba akaitegesha kwenye mawimbi ya kampuni yao, akamkabidhi mama. "Jioni madereva wote tunaripoti ofisini," akasema. "Utanisikia, ulale usingizi." Kusikia tu, lakini. Kujibu haikuweza.

Basi kila jioni, mama akichambua maharage na mimi nikimenya ndizi, jiko letu lilijaa wake wa madereva. Jirani yetu, ambaye mumewe alikuwa kampuni moja na baba, alikuja na chupa yake ya chai ya tangawizi, kana kwamba kwetu hakuna chai. Shida ilikuwa sauti. Kale kaspika kalikuwa kadogo mno, na wanaume wote walitoka mle na sauti moja ya puani, kama nyuki ndani ya kopo. Namba za magari nazo hazikusaidia, maana walibadilishana magari kila safari. "Huyo wangu!" jirani anasema. "Wako kivipi? Huyo ni baba watoto," mama anajibu. Jioni moja jirani alimshukuru Mungu kwa machozi kwamba mumewe kafika salama Ngorongoro, na huku mumewe yuko mlangoni kwetu anabisha hodi, anatafuta ufunguo wa nyumba. Tulicheka mpaka maharage yakaungua.

Mpangaji wetu wa chumba cha uani alikuwa mwalimu wa fizikia, mwanamke mfupi mwenye haraka zake. Jumamosi moja ubishi ule ulimchosha. "Mama, nipe hiyo mashine niifungue."

Mama akaikumbatia. "Mwalimu, ukiiua hii, na mimi utanizika."

Mwalimu akamweleza taratibu kwamba mashine haiumwi. Walioitengeneza waliipunguzia sauti nzito kwa makusudi, ili maneno yapenye kwenye kelele, na ile spika ndogo ikamalizia kazi. Akatandika gazeti mezani, akaifungua. Alitoa kapasita moja, kijipande kama punje ya dengu kilichokuwa kikiizuia sauti nzito njiani, akaweka nyingine kubwa zaidi. Akanyofoa nyingine iliyokuwa ikiifubaza sauti. Kisha akavuta waya mpaka kwenye spika ya redio ya mbao ya bibi, iliyokufa zamani ikabaki kuwa pambo la sebule. Nyumba nzima ilinuka risasi ya kulehemu iliyoyeyuka. Mama alisimama pale muda wote, mikono ndani ya khanga, akisali kimoyomoyo.

Jioni ile madereva wakaja mmoja mmoja, kila mtu na sauti yake. Jirani alimtambua wake kwa kigugumizi, akapiga vigelegele. Kisha akaja baba, yuko Mto wa Mbu, na alisema yale ya siku zote: wageni hawajambo, gari zima, niko salama.

"Umemsikia?" jirani akashangilia. "Utadhani yuko hapa jikoni!"

Mama alikuwa ameinamisha kichwa. "Hamsikii?" akauliza. "Kila baada ya neno la pili anavuta pumzi. Kifua kinakoroma." Jioni ya pili tulisikia sote.

Hapo mama alibanwa. Kwenda ofisini kusema dereva wenu anaumwa kulikuwa kumpotezea kazi. Getini walijaa wengine wenye leseni mkononi, na ushirika wa kumtetea haukuwepo tena. Kunyamaza nako hakuweza, maana alishamzika kaka yake kwa kifua cha namna ile. Nilimwona akiinamia redio, akaiambia, "Baba watoto, rudi nyumbani." Redio ikaendelea kukwaruza.

Asubuhi alivaa sweta, akaomba lifti kwenye gari la kampuni lililopeleka vyakula kambini kwa kina baba. Kesho yake alirudi na baba, amejifunika blanketi, anatetemeka kwenye jua la mchana. Ilikuwa nimonia, na daktari alisema wazi kwamba tungechelewa kidogo tungempoteza. Kazi ilipotea, kama mama alivyojua.

Baba alikasirika, na hasira yake haikuwa ya siku moja. Amekaa kitandani, mama anamlisha mtori, bado ananung'unika. "Lakini mimi nilisema niko salama."

Mama akapuliza kijiko. "Ulisema. Na mimi nilikusikia."

Baba aliishi miaka mingi baada ya hapo, akifuga ng'ombe, tukamzika Machame akiwa mzee. Mwalimu alihamishwa. Wake wa madereva hawakusanyiki tena jikoni kwa mtu, kila mmoja ana simu yake. Nyumba ya Kimandolu imezungukwa na maghorofa, na Mlima Meru ninauona kipande tu. Ninaukumbuka ujirani ule wa chai na ubishi, jamani, ninaukumbuka mno.

Mama yupo, ila masikio yake yamechoka. Mwaka jana nilipasuliwa tumbo, nikampigia kabla mtu hajamwambia. Kila neno lilinichoma, nikawa navuta pumzi katikati ya maneno.

"Shikamoo mama. Niko salama."

Nikasubiri, nikitamani anikamate.

"Marahaba, mwanangu. Ashukuriwe Mungu," akasema, akaanza kunieleza habari za ng'ombe. Alikuwa ameniamini. Nilikata simu, nikalia kama mtoto.