Magodoro ya Ounissa

Pikapu ya Belgacem iliwaka, ikanguruma muda wa kutosha tu kumpa mtu matumaini, ikazima. Alipopiga starta tena ilizunguka weee bila kushika. Akateremka, akaubamiza mlango, kisha akaufungua na kuufunga upya kwa adabu, maana ule mlango ukibamizwa kioo hudondokea ndani.

Nyuma, magodoro ya binti yake Ounissa yalikuwa yameshafungwa kamba, na juu yake mablanketi ya sufu aliyofuma mama yake, mito, na sanduku la nguo. Vyombo vya bibi harusi hutangulia kwa mumewe, na msafara wa kina bwana harusi ungepanda kutoka mjini Batna kumchukua mara baada ya adhuhuri. Belgacem alikuwa ameapa mbele ya ukoo mzima kwamba vyombo vya Ounissa havitapanda gari jingine. Pikapu hiyo ndiyo iliyomleta kutoka hospitali akiwa kichanga, na kijiji kizima kiliijua hadithi hiyo mpaka kikaichoka.

Ng'ambo ya barabara, Zoubir, kaka wa mkewe, alikuwa ameegesha lori lake jipya jeupe. Alidai amelileta kwa tahadhari tu. Aliegemea boneti na kikombe cha kahawa mkononi, akitabasamu kama mtu aliyekuja kutazama mpira.

"Shemeji, niyahamishe hayo magodoro? Kazi ndogo tu."

"Yaguse uone."

Fundi Slimane aliitwa, akaja akitafuna mkate. Yeye ndiye aliyeifungua injini hiyo, akashusha silinda hedi na kubadilisha gasketi, na jana jioni pikapu ilipanda kilima kutoka gereji yake bila kuchemsha hata kidogo. Kwa Belgacem basi hakukuwa na haja ya uchunguzi. Gari lilikuwa zima mpaka Slimane alipolitia mikono. Kwamba kabla ya hapo lilikuwa likinywa maji kuliko kondoo wake, hilo hakutaka kulisikia.

Slimane alisema hapana shaka upepo umeingia kwenye mafuta, injini ya dizeli ikifunguliwa ndivyo inavyokuwa, na dawa yake ni kuutoa. Akalegeza nati ya filta, akaanza kupampu kwa mkono. Likatoka tone moja, basi. Akalegeza nati za nozeli zinazorushia dizeli ndani ya injini. Kavu. Belgacem akapiga starta, akapiga tena, hadi betri nayo ikaanza kusinzia.

Hapo majirani wakawa wamejaa, na kila mmoja alikuwa fundi. Huyu alitaka liwashwe tambara karibu na bomba la hewa. Yule alisema gari lisukumwe, nao wakalisukuma mpaka kwenye kona, kisha ikabidi walisukume kulirudisha, kwa kuwa baada ya kona barabara inapanda. Zoubir hakusukuma. Alisema mgongo unamsumbua.

Slimane alilichomoa bomba la mafuta, akalinyonya kwa mdomo hadi macho yakamtoka. Akatema mate, akajipangusa.

"Mzee, una hakika tanki lina kitu?"

"Nimelijaza jana, wewe umesimama pale unanitazama. Sasa niambie, ile injini uliitengeneza au uliizika?"

"Basi ni uchafu umeziba chini. Tulishushe tanki."

Kulishusha tanki maana yake ni kuyashusha magodoro. Zoubir aliweka kikombe chini, akafungua mlango wa nyuma wa lori lake, taratibu, ili kila mtu amwone.

Belgacem akaingia ndani kwa hatua za mtu anayetafuta ugomvi. Ounissa alikuwa chumba cha ndani katikati ya shangazi zake, amevaa gauni la harusi, mikono yenye hina imezungushiwa vitambaa, haruhusiwi kushika kazi yoyote siku hiyo. Baba yake alisimama mlangoni, akamwaga yote. Slimane ameliua gari. Mjomba wake amefungua lori. Yeye ameapa, na sasa kiapo chake kinachekwa barabarani.

Ounissa alimsikiliza hadi mwisho.

"Baba, koki umefungua?"

"Koki gani?"

"Koki yangu."

Zamani, wezi walipokuwa wakizoa pikapu za watu milimani, Belgacem aliweka koki ya kukata dizeli kwenye bomba la mafuta na kuificha katika pengo jembamba nyuma ya kiti cha dereva. Hakumwambia mtu, na fundi ndiye wa mwisho kuambiwa. Aliyejua ni Ounissa tu, kwa kuwa mkono wake mdogo ulipita pale. Kila magharibi aliifunga, na kila alfajiri, akienda kuwafungulia kuku, aliifungua. Akakua, akawa mwalimu wa shule, na mkono ukabaki mwembamba. Huko gereji, koki ilikaa wazi muda wote, kwa hiyo Slimane hakupata sababu ya kuiona. Jana, kabla ya kupakwa hina, Ounissa aliifunga kama kawaida. Asubuhi hii hakuna aliyemruhusu kutoka.

Belgacem hakukumbuka mara ya mwisho alipoifikiria koki ile. Aliamini gari lake huwaka tu.

Alitoka, akamwamuru Slimane ageuke atazame ukutani, akamtuma Zoubir akaongeze kahawa, kwani siri ni siri hata siku ya kuumbuka. Mkono wake uliingia hadi kwenye vifundo, ukakwama, ukatoka umechubuka. Alikilaani kiti, akailaani koki, akawalaani wezi ambao sasa walikuwa wazee wenye wajukuu.

Mlango wa nyumba ukafunguka na Ounissa akatoka na shali juu ya gauni, shangazi wakimlalamikia nyuma. Akafungua kitambaa, akainama nyuma ya kiti mbele ya watu wote. Mkono mwekundu ukaingia penye pengo, ukatoka.

"Kumbe kuna koki," alisema Slimane. "Nanyonya dizeli tangu asubuhi, Mzee, kumbe kuna koki."

Fundi alipampu, mafuta yakaja, nati zikakazwa, injini ikashika. Moshi mweusi ulivuka barabara ukalala juu ya lori jeupe la Zoubir. Wanawake wakapiga vigelegele.

Belgacem alikaa kwenye usukani. Kiapo kilikuwa kimepona, lakini hakuliondoa gari. Ounissa alisimama kwenye dirisha la pikapu akijifunga upya kitambaa chake.

"Na kesho?" baba yake alimuuliza, kwa ukali uleule, maana sauti nyingine hakuwa nayo.

"Tumia ule mwiko mwembamba wa Mama. Jioni unaisukuma koki kuelekea mlangoni, asubuhi unaivuta kwako."

Baba akamwambia arudie, ingawa alikuwa ameelewa.