Daftari Nililolipeleka Msibani

Kitabu changu cha sosholojia nilikinunua kwa muuza vitabu vya mitumba karibu na stendi ya mabasi, Tabora mjini. Hakikuwa na jalada, na kurasa za mwanzo zilikuwa zimenyofoka. Matokeo yangu ya kidato cha nne hayakuniruhusu kuendelea na shule, kwa hiyo nilijiapiza nitajifundisha mwenyewe, na nisikosee popote. Nikikosea neno moja kwenye daftari, nilichana ukurasa mzima na kuanza upya. Mama aliokota zile karatasi akawashia moto.

Kitabu kilisema jamii huishi kwa kanuni ambazo hazijaandikwa popote, na kila kanuni ina adhabu yake. Kilisema pia kwamba mtafiti huandika anachokiona. Nikatafuta kanuni ya kijijini kwetu, mwendo mfupi kutoka stesheni ya Igalula, na sikutafuta mbali. Kwetu mtu akifiwa, kila nyumba hutoa mwanamke mmoja aje na mzigo wa kuni na ndoo ya maji. Wanaume huchimba kaburi. Asiyekwenda kwa wenzake, siku yake ikifika wenzake hawaji.

Kiangazi kile tulikuwa na misiba mitatu. Nilikaa mkekani na daftari langu, nikaandika nani kaja, kabeba nini, kaketi karibu na nani. Safu nilizipiga kwa rula. Bibi jirani yetu, ambaye tunatenganishwa naye na ua wa minyaa tu, sikumwona katika msiba hata mmoja. Nikaandika mara tatu: hajaja.

Sababu niliijua. Kupitia kwenye ule ua nilikuwa nikimwona akimgeuza mumewe kitandani, ubavu huu, kisha ubavu ule, ili vidonda visizidi. Watu walijua mzee anaumwa. Hawakujua kuwa hawezi hata kujigeuza, wala kwamba mashuka yake yalifuliwa mara tatu kwa siku, maana bibi aliyaficha hayo kama mtu anavyoficha uchi wa mwenzake. Mimi nilijua, na sikuandika. Niliyaona nyumbani, si msibani, na safu ya sababu sikuwa nimeipiga. Niliogopa nikiiongeza ukurasa utaharibika.

Siku ya kuondoa matanga ya msiba wa tatu, kina mama walianza kumsema.

"Nilimwona kisimani," mmoja alisema. "Maji alichota, ila hapa hayakufika."

"Labda alikuja tukiwa jikoni."

"Aje asisikike? Yule akikohoa tu mbuzi wanasimama."

Wakacheka. Mwenyekiti wa kina mama akanigeukia. "Profesa wetu si yupo? Hebu tusomee, profesa."

Nikasimama, nikasoma. Nilipofika kwa bibi nilisoma polepole: hajaja, hajaja, hajaja.

"Una uhakika?"

"Sikosei, mama."

Niliona raha. Kati ya yote ninayoyaungama hapa, hilo ndilo linalonitesa zaidi. Wanawake wazima walinyamaza kunisikiliza mimi niliyefeli, na nikaona raha.

"Basi," mwenyekiti akasema. "Moto wake atauwasha mwenyewe."

Mzee alifariki kabla mvua hazijaanza. Asubuhi tulisikia kilio cha mtu mmoja ng'ambo ya minyaa. Mama alijifunga kanga, akafika mlangoni, akasimama.

"Nikienda peke yangu," alisema, "kesho na sisi..."

Akarudi ndani, akaketi. Ilipofika saa nne uani kwa bibi hapakuwa na moshi wala mtu, na jua lilishakuwa kali. Njia yetu ya makaburini ni ile ile ya zamani ya wapagazi. Wazee husema waliougua wakiwa na mizigo waliachwa kando yake, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kuwachimbia. Nililisikia hilo tangu utotoni bila kulifikiria. Siku ile nililifikiria.

Nilikwenda kwa mwenyekiti. Alikuwa akimenya karanga na wifi zake wawili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja na daftari?"

"Daftari lilikosea."

"Kwani alikuja?"

"Hakuja. Ila sikuandika kwa nini."

Nikamweleza yote: kupooza, vidonda, mashuka. Niliyasema bila mpangilio, mbele ya wale wifi zake, ambao walikuwa wameacha kumenya. Nilijua ninalitoa nje jambo ambalo bibi alilifunika mwaka mzima. Sikuona njia nyingine ya kumpatia mumewe kaburi.

Mwenyekiti alinitazama. "Siku ile mdomo ulikuwa nao."

"Ndiyo, mama."

"Wa kusoma tu."

Akakung'uta maganda mapajani, akaenda jikoni, akatoka na mzigo wa kuni kichwani. "Kawaambie wanaume waache bao," alisema, akanipita.

Ardhi ilikuwa ngumu, sururu zilidunda. Walichimba hadi alasiri, na joto halikumsubiri marehemu. Waliomwosha walitoka wakiwa wamejifunika pua kwa kanga, na kabla sala haijaisha habari za vidonda vile zilishafika kwa waliosimama barabarani. Nilisikia mtu akinong'ona, "Kumbe ndivyo alivyokuwa."

Nilipeleka ndoo ya maji ndani. Bibi alikuwa ameketi mkekani, miguu ameinyoosha, kina mama wamemzunguka.

"Shikamoo, bibi."

Hakuitikia. Alinitazama mikono, mmoja na mwingine.

"Daftari lako liko wapi?"

"Nimeliacha nyumbani."

"Kalilete," alisema. "Leo nimekuja msibani. Niandike."