Waridi la Nyanya

Siku hizi kwenye sherehe zetu simu ndiyo inayokula kwanza. Jumamosi nilialikwa sendoff ya binti anayeolewa, mtaa wa Kiseke. Pembeni ya pilau na sato wa kukaanga kulikuwa na sinia la saladi lililopangwa kama bustani: matango pembezoni, karoti za kuchonga, katikati waridi la nyanya. Mpishi alisimama nyuma yake, mikono kiunoni.

“Pigeni picha kwanza,” alituambia. “Mkichota, choteni pembeni. Waridi msiguse.”

Picha tulipiga. Kuchota, kila mtu aliogopa kuwa wa kwanza kuharibu. Foleni ikapita, sinia likabaki vilevile.

Ndipo akaingia bibi wa binti tuliyekuwa tunamuaga, kachelewa kivuko cha kutoka Sengerema. Mpishi akakunja goti.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba. Hiki ni chakula au pambo?”

“Chakula, bibi.”

“Haya, nipe kijiko.”

Akakididimiza katikati ya waridi. Mpishi alifumba macho kama anayechomwa sindano. Bibi alitafuna taratibu, sisi tumeshika sahani, tunamtazama mdomo.

“Umeremba vizuri, mjukuu wangu. Uliionja?”

“Hapana, bibi. Niliogopa kuiharibu.”

Bibi akamrudishia kijiko. “Tia chumvi, kamulia ndimu, changanya.”

Akachanganya, bustani yote ikavurugika. Sinia likaisha kabla ya pilau.

Jana nimezitazama tena zile picha, zinapendeza kweli. Ya saladi tuliyoila sina hata moja. Mikono yote ilikuwa na kazi.