Kijitabu cha Mazishi Kilichogoma Kuhifadhiwa

Baba mdogo alipofariki kule Mbololo, ukoo ulinikabidhi kazi ya kutengeneza kijitabu cha mazishi. Mimi ni mwalimu na nina laptopu. Kwetu sifa hizo mbili zinatosha kukufanya mtaalamu wa kila kitu chenye waya.

Kazi ilianza kwa amani. Asubuhi, siku moja kabla ya mazishi, niliketi na mama mdogo, yaani mjane mwenyewe, akanitajia polepole maneno ya kumuaga mumewe nami nikayachapa. Aliniambia wazi kwamba hataweza kusimama mbele ya kipaza sauti. "Mimi nitalia tu, mwanangu. Niandikie hapo, wasome." Nikayaweka kwenye ukurasa wa mwisho, kwa sababu kurasa za mbele zilikuwa zimeshanyakuliwa.

Maana kwetu kila mlango wa ukoo lazima upate ukurasa wake wa picha, na mlango utakaosahaulika utanuna hadi msiba mwingine. Picha zikamiminika kutoka kila simu, kubwa vilevile zilivyopigwa. Kulikuwa na ya marehemu na mheshimiwa mbunge wetu kwenye uzinduzi wa kisima: mheshimiwa anaonekana meno yote, marehemu anaonekana kisogo. Kulikuwa na ya jamaa zetu wa Nairobi wakiwa na masanduku yao kwenye stesheni ya Voi. Marehemu hayumo kabisa.

"Lakini walikuwa wanakuja kumwona," nikaelezwa.

Mchana nikabonyeza kuhifadhi kwenye flashi, laptopu ikaganda. Skrini ilipauka, kale kaduara kakaanza kuzunguka. Ilipozinduka nikajaribu tena, safari hii kwenye laptopu yenyewe badala ya flashi. Ikaganda vilevile. Hapo nilishikwa na hofu ya kweli, kwa sababu picha zote zilikuwa bado kwenye simu za wenyewe, lakini maneno ya mama mdogo hayakuwa mahali pengine popote. Yakipotea, hangekuwa na nguvu za kuyasema tena.

Mwenyekiti wa kamati ya mazishi, binamu yangu aliyejiteua mwenyewe, alikuja akasimama nyuma yangu.

"Mwalimu, hiyo laptop yako imechoka."

"Haijachoka, imebebeshwa. Hizi picha ni nzito. Ikiamka nitazipunguza ukubwa."

"Zitoke na ukungu na mheshimiwa anakuja kesho? Hapana. Toa ile page ya mama. Iko na maneno mengi sana, hiyo ndiyo inalemea mashine."

Sikuamini masikio yangu. Nilimwambia kwamba maneno yote ya mama mdogo hayafikii uzito wa sikio moja la mheshimiwa, na nilimwambia kwa sauti isiyofaa nyumba ya matanga. Nilikuwa na hasira, na mpaka leo sijajuta.

Mama mdogo alikuwa amesimama mlangoni na birika la chai. Yeye hakupandisha sauti.

"Zitoe picha zote, mwanangu. Sura yake mimi naijua."

Laptopu ilipozinduka nilifuta picha moja baada ya nyingine, mheshimiwa kwanza. Nikabonyeza kuhifadhi, na faili likahifadhiwa kabla sijaondoa kidole. Kisha nikaweka picha moja tu kwenye jalada, ya marehemu akiwa peke yake, nikiwa nimeshaipunguza. Nikapanda bodaboda kwenda kwa mchapishaji mjini Voi kabla kamati haijapata nafasi ya kuitisha kikao.

Kesho yake waombolezaji walifungua vijitabu, wakatafuta nyuso zao, wakazikosa, wakabaki hawana la kufanya ila kusoma. Mheshimiwa alikuwa ametuma mwakilishi, naye pia akasoma. Niliona vichwa vikiinama kuanzia viti vya mbele hadi vya nyuma, wote wamefika ukurasa wa mwisho, pale mama mdogo alipomwambia mumewe: "Miaka yote ulilalamika kwamba uji wangu hauna sukari. Leo asubuhi nimeutia sukari, nikakumiminia kikombe, halafu nikakumbuka."

Mwenyekiti alikuwa ameshika kipaza sauti, lakini badala ya kutangaza, naye alikuwa anasoma ule ukurasa aliotaka niutoe.