Gari Dogo la Baba na Njia ya Bunda

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, upepo wa ziwa ukiwa bado na ubaridi, rafiki wa baba alipoingia uani kwetu hapa Musoma akiwa amekumbatia boksi kubwa. Alikuwa fundi wa mitambo ya mgodi kule Kiabakari, na kazi yake ilikuwa imekwisha, anarudi kwao. Baba alikuwa ameketi kwenye kiti chake nje ya mlango, mkono wa kulia umelala mapajani kana kwamba ni wa mtu mwingine. Kiharusi kilikuwa kimempata msimu wa pamba uliotangulia. Yeye aliyeendesha lori la pamba kati ya Bunda na Musoma tangu mimi sijazaliwa, sasa alikuwa haendi popote.

Ndani ya boksi mlikuwa na gari dogo la mashindano, lile linaloendeshwa kwa rimoti, lililoundwa kukimbia mchangani na kuruka matuta. Matairi yake yalikuwa na meno kama ya trekta. Lakini lilikuwa limechoka sana: shokapu moja imevuja mafuta, gia zimejaa vumbi, tairi la nyuma linayumba.

"Mzee Magesa, nakuachia hili," yule fundi alisema. "Litakusumbua kidogo, lakini Nyamisi atakusaidia."

Nyamisi ni mimi. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na nilikuwa nakaa nyumbani kumwangalia baba, maana mama alikuwa akishinda sokoni akiuza samaki wake, sato. Baba alilitazama lile gari, akageuza uso ukutani. Ndivyo alivyokuwa siku hizo. Muuguzi alikuwa akija kumfanyisha mazoezi, akimwambia ajaribu kuusogeza mguu wa kulia hata kidogo, kwa sababu mguu usiopewa kazi husahau. Baba alikuwa hajaribu. Chakula chenyewe alikigusa tu ili mama asilie.

Basi nikalichukua gari nikalifungua mwenyewe, kwenye mkeka, kivulini. Mikono yangu ilizoea spana, maana utoto wangu wote nilikuwa nikimshikia baba tochi akiwa chini ya lori. Nilitoa skrubu mojamoja nikazipanga kwenye kifuniko cha sufuria. Nilisugua beringi kwa mswaki wa zamani hadi zikazunguka bila kulia. Shokapu nikaiosha, nikaitafutia mpira mpya wa kuzuia mafuta, nikaijaza tena polepole huku nikisubiri mapovu yapande juu na kupasuka. Mchana ulikuwa kimya, ziwa likisikika kwa mbali, na mafuta yale yalikuwa yakishuka kama asali. Nilikuwa nusu macho, nusu usingizini. Nilipoinua uso nikakuta baba ameacha kutazama ukuta. Alikuwa anatazama mikono yangu.

"Ile gia," alisema kwa taabu, maneno yakitoka upande mmoja wa mdomo. "Usiibane sana. Iache ipumue."

Ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu baba kuniambia neno ambalo halikuhusu maji ya kunywa.

Gari likapona, ila likabaki tatizo moja. Rimoti yake ilikuwa na umbo la bastola. Kidole cha mkono mmoja huvuta kifyatulio ili gari liende, na mkono wa pili huzungusha kigurudumu kidogo cha ubavuni ili gari likate kona. Baba alikuwa na mkono mmoja tu, wa kushoto. Niliwaza jambo hilo nikiosha vyombo, nikiwa kanisani, nikichota maji. Mwishowe nikaifunga rimoti kwenye kigoda karibu na mkono wake mzima, kisha nikachukua waya wa breki ya baiskeli nikauunganisha na kifyatulio, nikaushusha hadi kwenye kipande cha ubao sakafuni, chini ya mguu wake wa kushoto.

"Kanyaga mafuta, baba," nikamwambia.

Alikanyaga. Gari likanguruma kidogo, likavuka uwanja, likasimama mbele ya banda la kuku. Baba akalitazama kwa muda mrefu. Halafu akaomba nimletee mawe.

Mwanangu, sijui nikueleze vipi uzuri wa majira yale ya jioni. Nilipanga mawe uani kama alivyoniagiza. Hapa penye ndoo ni Musoma. Pale kwenye mzizi ni Makutano. Lile tofali ni Kiabakari, na kule mwisho, kwenye ua wa minyaa, ni Bunda. Jua lilikuwa likishuka na vumbi likigeuka rangi ya dhahabu, na baba akaendesha lile gari dogo katika barabara yake ya zamani, akilipunguza mwendo penye kila jiwe. Akifika kwenye tofali alikuwa anasimama kabisa.

"Hapa nilikuwaga nanunua ndizi za mama yako," alisema. "Kuna mama mmoja alikuwaga ananiwekea."

Nami nilikuwa nazisikia hizo ndizi zikinukia, wallahi, ingawa mbele yetu palikuwa na tofali tu.

Nilimwona baba anarudi, na nikatamani arudi haraka zaidi. Kule Bunda, mtaa wa Manyamanyama, walikuwako vijana waliokuwa wakishindanisha magari kama lile kwenye kiwanja kilicho wazi. Nikawafuata nikiwa na gari ndani ya kikapu. Walinipokea vizuri. Walinieleza kwamba mota yangu ilikuwa nyonge, wakanifungia nyingine yenye nguvu, na betri ya kuilisha. Nililijaribu pale kiwanjani, gari likapita kama mbayuwayu, vijana wakapiga miluzi. Njia nzima ya kurudi nilikuwa nikitabasamu peke yangu. Nilijua baba alivyosifika zamani kwa kuwahi. Nikadhani ninamletea kile alichopoteza.

Alikanyaga ubao. Gari likatoka Musoma, likapita Makutano na Kiabakari kabla hata sijapumua, likagonga minyaa ya Bunda, likapinduka na kubaki limeinua matairi juu yakizunguka.

Baba hakukasirika. Alisubiri hadi matairi yakatulia.

"Nyamisi, mama yangu," alisema, maana ndivyo alivyoniita akitaka nimsikilize. "Umenifikisha Bunda, lakini njia sijaiona."

Nikaliinua gari, nikalisimamisha kwenye matairi yake.

"Sikuwahi kuwa na mbio," akaendelea, akipumzika kila baada ya maneno machache. "Watu walisema Magesa anawahi. Nilikuwa nawahi kwa sababu lori langu halikuharibika njiani. Hiyo tu. Mota hiyo ni nzuri. Lakini uliyemwekea si mimi."

Kisha akaniuliza, kwa upole, kama gari lingeweza kufundishwa kupanda mlima.

Kesho yake nikairudisha mota kwa vijana wa Manyamanyama. Nao hawakununa, walikuwa na moyo mzuri. Safari hii niliwaeleza habari za baba, wakaumiza vichwa pamoja nami. Tukafunga gia ndogo kwenye mota ya zamani, gari likapoteza mwendo lakini likapata nguvu ya kupanda. Tukaweka springi laini, tukainua tumbo lake lisikwaruze mawe, na tukabadili beringi za magurudumu kwa zile zilizofunikwa, zisizoruhusu vumbi kuingia. Gari halikupendeza zaidi kwa macho, ila lilitembea kama mtu anayeijua nyumba yake gizani.

Tukampeleka baba Butiama, kwa dada yake mkubwa, Shangazi Nyabise, ambako nyuma ya nyumba kuna miamba inayopanda kilimani. Tulikiweka kiti chake kwenye majani, kigoda pembeni, ubao chini ya mguu. Ukungu ulikuwa bado haujaondoka mabondeni na ng'ombe walikuwa wakilia kwa mbali. Gari likaanza kupanda. Liliinua gurudumu moja, likalitua, likainua lingine, na baba akaliongoza mwamba hadi mwamba, amejisahau kabisa. Shangazi alisimama na kikombe cha uji mkononi bila kunywa.

Karibu na kilele, gari likaanza kuteleza kuelekea ukingo. Baba akaondoa mguu kwenye ubao. Na papo hapo nikaona nyasi zilizo mbele ya mguu wake wa kulia zikilala. Kisigino hakikuinuka, ila vidole vilikuwa vimekandamiza ardhi. Alikuwa anakanyaga breki.

Gari lilikuwa limekwisha kuanguka, hakuna aliyelitazama.

"Kaka," shangazi alisema taratibu, "rudia hivyo."

Baba alitazama mguu wake kama mtu aliyeonyeshwa mgeni. Akarudia. Machozi yalimtoka pande zote mbili za uso, hata upande ule uliokuwa umelala.

Jioni ileile nilimfungia ubao wa pili, wa breki, kwa ajili ya mguu wa kulia. Muuguzi alipokuja tena alicheka, akasema mazoezi tumeyapata. Haikuwa kazi nyepesi. Kuna siku mguu uligoma kabisa, baba akaomba apelekwe ndani. Lakini msimu wa pamba ulipofika tena alikuwa anatembea kwa fimbo hadi ufukweni na kurudi. Lori hakuliendesha tena maishani mwake, na hakulilia. Aliishi miaka mingi, akatufia usingizini, mzee aliyeridhika.

Sasa, mwanangu, unaponiambia unataka kuliongezea gari lako la rimoti nguvu, sikukatazi. Ongeza. Lakini kwanza lisafishe kila unapotoka kuliendesha, kaza skrubu zake, sikiliza beringi zake, ulijue linavyopumua. Kisha kabla ya kununua kitu kipya jiulize ni nani atakayelishika, na anataka kwenda wapi. Na ufanye hivyo hata kwa watu. Unapotaka kumsaidia mtu usikimbilie kumpa kile ambacho wewe ungekifurahia. Kaa naye, mtazame, muulize njia anayoiota, halafu mrekebishie chombo chake kifae njia hiyo.

Mungu akupe mikono yenye subira na masikio yanayosikia kilicholegea. Akupe wa kukusubiri kila unaposafiri, na kila njia utakayopita uione yote.